Mombasa Mpya, kutoka demo hadi diski: shajara ya mradi wa kulinganisha Halo 2

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimeanza. Kazi yenyewe ni hii: kuchukua ile demo, yaani kipande cha kuonjesha, ya Halo 2, gemu ya vita ya Xbox, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles mwezi Mei 2003, kuiweka ubavuni mwa gemu iliyotoka tarehe 9 Novemba 2004, na kuandika kila kilichobadilika katika miezi hiyo kumi na minane. Mwisho wake iwe video ya Kiswahili, dakika ishirini hivi, ya kuwaonyesha vijana sita ninaokaa nao kila Jumapili jioni tukijifunza kutengeneza gemu. Wao wenyewe wako mbioni kuandaa demo yao ya kwanza, na nataka waone yaliyowapata wenzao kabla yao.

Kwa nini Halo 2, na gemu ziko tele? Kwa sababu demo ile ilikuwa ya kwetu. Mji unaopiganiwa mle ndani unaitwa New Mombasa, Mombasa Mpya, mwaka 2552, na Covenant, maadui kutoka anga za mbali, wameshaingia hadi mitaani. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule, kwenye CD iliyonakiliwa saiba, picha ndogo kama kadi ya posta na sauti inayokatakata. Tuliitazama mpaka CD ikakwaruzika. Shemeji aliporudi likizo kutoka Muscat na Xbox mkobani, na gemu yenyewe ndani yake, nilikaa usiku kucha nikiutafuta ule mtaa. Sikuupata. Nikadhani nimepita njia isiyo yake, nikarudia misheni nzima. Ukweli ni kwamba mtaa ule haukuwemo kwenye diski.

Kwa miaka mingi kilichobaki cha demo hiyo kilikuwa video tu. Hapo Novemba 2024, gemu ilipotimiza miaka ishirini, studio ya Microsoft inayotengeneza Halo sasa, Halo Studios (zamani 343 Industries), kwa kushirikiana na kundi la wapenzi wa gemu wanaojiita Digsite, ilitoa toleo la demo hiyo linalochezeka kwenye kompyuta kwa yeyote mwenye Master Chief Collection, mkusanyiko wa gemu za Halo. Sasa mtu anaweza kusimama katikati ya ule mtaa, akageuka, akaangalia nyuma. Bila hilo nisingeanza mradi huu.

Jumapili, 19 Januari

Wiki ilikwenda kwenye kupakua na kurekodi. Jumanne umeme ulikatika nikiwa dakika ya saba ya kurekodi, faili likaharibika. Nimeazima UPS kwa jirani, sasa mambo ni shwari.

Nimeicheza demo mara kumi na moja. Video ya mwaka 2003 ina dakika tisa hivi. Mtiririko wake kwa ufupi: Master Chief, askari ambaye mchezaji anamwongoza, anawasili kwa ndege ya Pelican juu ya mji unaowaka. Anashuka, anapokewa na askari anayemwongoza ndani ya jengo ambamo majeruhi wanahudumiwa. Mizinga ya Covenant imewabana wenzao barabarani, inaitwa ndege ya kivita, inaangusha mabomu, mizinga inanyamaza. Kisha safari ya Warthog, gari la jeshi, kwa mwendo wa kasi, gari za adui ziitwazo Ghost zikiwafukuza. Chief anairukia Ghost moja, anamtupa dereva wake, anaiendesha. Mwisho anajikuta amezungukwa na Elite, wapiganaji wa Covenant, guruneti ya plasma mkononi, na picha inakatika.

Jambo moja nataka vijana walishike tangu mwanzo: hii haikuwa filamu iliyopikwa pembeni. Ilichezwa papo hapo, kwenye Xbox, mbele ya watu. Kwa hiyo swali la mradi linakuwa gumu kidogo kuliko nilivyodhani. Kama kitu kimekwenda kweli kwenye mashine ileile, kilishindikanaje kuuzwa kwa mashine hiyohiyo?

Jumatano, 29 Januari

Upande wa pili: gemu iliyotoka. Mombasa imo katika misheni mbili zinazofuatana, Outskirts na Metropolis. Ninazicheza kwa michoro ya zamani, maana toleo la kumbukumbu la mwaka 2014 liliremba kila kitu upya na lingenivurugia ulinganisho.

Mambo yanaanza vingine kabisa. Pelican hazishuki kwa heshima. Scarab, lile dude la miguu minne lenye ukubwa wa jengo, linazitungua, na Chief anatambaa kutoka kwenye mabaki hadi ndani ya ua lililozungukwa na kuta. Kutoka hapo ni vichochoro, ngazi, paa kwa paa, kisha ufukwe, hoteli iliyopewa jina Zanzibar, barabara kuu na mahandaki. Metropolis inafungua kwa lile daraja refu la kuingilia mjini, na kifaru.

Jedwali la kwanza nimeliandika kwenye daftari kabla ya kuhamishia kompyuta. Nimepiga mistari miwili, "kilichobaki" na "kilichoondoka", na ilipofika saa sita usiku nikaona kitu ambacho miaka yote hii sikukiona.

Kilichobaki: kuparamia gari la adui na kulinyakua. Kushika silaha mbili kwa pamoja, moja kila mkono. Ile bunduki mpya ya darubini, Battle Rifle. Vyote vilionyeshwa mwaka 2003, vyote vikatoka mwaka 2004, na kunyakua gari kumeendelea kwenye gemu za Halo zilizofuata.

Kilichoondoka: mtaa. Lile jengo la majeruhi. Ndege ya mabomu. Mwanga. Vivuli.

Yaani vitendo vilivuka, mahali pakaachwa. Ukimuuliza mchezaji wa kawaida demo ile ilihusu nini atakwambia "ule mji", na mji ndio ulioachwa. Nimelizungushia neno *mahali* duara la wino mwekundu.

Jumamosi, 8 Februari

Leo ni siku ya vivuli, na hapa nitakaa.

Mhandisi Chris Butcher wa Bungie, studio iliyotengeneza Halo 2, alieleza miaka kadhaa baadaye kwamba injini nzima ya michoro, yaani programu inayochora kila kinachoonekana, iliyoonyeshwa E3 2003 ilibidi itupwe, kwa kuwa gemu kamili isingewezekana kuuzwa nayo kwenye Xbox. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi. Kuwaeleza vijana wa miaka kumi na saba maana yake ni kazi nyingine.

Nilizima taa. Nikaweka kikombe cha kahawa mezani na kukimulika kwa tochi ya simu, kivuli kikaenda ukutani. Nikawauliza: kivuli kiko wapi? Wote wakanyooshea ukuta. Nikachukua uzi, nikaufunga kwenye mkono wa kikombe, nikauvuta hadi ukingo wa kivuli ukutani. Uzi wa pili kutoka mdomo wa kikombe, wa tatu kutoka kitako. Nyuzi tano zilipokamilika wakaona kwamba kivuli si kile kiraka cha ukutani peke yake. Ni umbo zima la giza lililoko hewani, linaloanzia kwenye kikombe na kupanuka kadiri linavyokwenda mbali. Mmoja akatia mkono katikati ya nyuzi, mkono wake ukawa gizani.

Ndivyo injini ile ya 2003 ilivyofanya kazi. Mbinu yake inaitwa vivuli vya stenseli. Kwa kila taa, mashine inatafuta ukingo wa kila kitu kinachomulikwa, inauvuta ukingo huo mpaka mbali, na kupata lile umbo la giza. Halafu inachunguza kila nukta ya skrini: hii imo ndani ya umbo au nje? Ikiwa ndani, taa haiihusu. Matokeo yake ni vivuli vikali kama vilivyokatwa kwa wembe, vinavyosogea kila kitu kinaposogea. Chief akipita chini ya taa, kivuli chake kinampanda ukutani. Mwaka 2003 jambo hilo lilitusisimua sana.

Gharama yake sasa. Gemu ikienda kwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, mashine ina milisekunde 33 tu kwa kila fremu, na humo iingize kila kitu: akili za maadui, sauti, milipuko, michoro. Ukiongeza taa ya pili, hesabu ya vivuli inaanza upya kwa taa hiyo. Ya tatu, vilevile. Na yale maumbo ya giza, ingawa hayaonekani, yanajaza skrini, moja juu ya jingine, na kila moja linakula nguvu ya kuchora. Xbox ilikuwa na kichakataji cha megahezi 733 na kumbukumbu ya megabaiti 64 iliyogawanywa kati ya michoro na mengine yote. Simu niliyotumia kama tochi ina gigabaiti nne, mara sitini na nne ya hiyo.

Tulijaribu wenyewe kwenye laptopu yetu kuukuu. Chumba, makreti kumi na mawili, taa moja yenye kivuli cha moja kwa moja: fremu 60. Taa nne: 31. Taa nane: 14, na feni inalia kama pikipiki. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, basi tuweke taa moja tu." Nikamwambia awaze mtaa mzima usiku, maadui ishirini, magari sita, kila risasi inang'aa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe demo ina dakika tisa kwa sababu."

Ndivyo. Kwa dakika tisa unazozijua kwa moyo, unaweza kupanga kila kitu: taa hii iwashwe hapa, adui yule asitokee kabla ya mlango kufunguka, mchezaji asigeuke kushoto. Anayeshika pedi ni mtu wa studio. Gemu inayouzwa anaishika mtu ambaye atageuka kushoto makusudi, atarudi alikotoka, atakokota magari yote manne mpaka kona moja ayalipue kwa pamoja ili aone itakuwaje. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, na bado niko hivyo.

Gemu ya 2004 mwanga wa kuta zake umehesabiwa mapema, kabla ya diski kuchapwa, na kupakwa juu ya kuta kama chokaa. Mchana ule hausogei. Ukisimama ndani ya kichochoro cha Outskirts utaona upande wa jua na upande wa kivuli vimetulia tuli, na kwa macho yangu vinapendeza. Lakini haviishi. Na kwenye diski ya asili alama za haraka ziko wazi: sehemu za hadithi, kamera inapohama, uso wa mtu unakuja kwanza kama udongo laini, halafu baada ya sekunde moja au mbili makunyanzi na nembo za sare vinajitokeza. Zamani nilidhani diski ya shemeji ndiyo mbovu.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda Mji wa Kale na ami yangu, ambaye amezaliwa na kuzeekea huko. Nilichukua simu yenye klipu za misheni ya Outskirts, tukaanzia Fort Jesus, tukashuka Ndia Kuu, tukaingia vichochoroni.

Nilitaka kupima jambo moja. Katika demo, barabara ni pana na majengo ni marefu. Ukiangalia mbele unaona mbali sana, moshi, ndege, majengo mengine nyuma ya majengo. Mji huo ungeweza kuwa popote duniani. Katika gemu iliyotoka, hasa nusu ya kwanza ya Outskirts, huoni mbali. Ukuta, kona, ua, kona, ngazi, tao.

Nilisimama katikati ya kichochoro kimoja, nikanyoosha mikono yote miwili. Vidole vya kulia viligusa ukuta, vya kushoto vilibakisha kama shubiri moja. Hatua kumi na tisa hadi kona ya kwanza, kumi na mbili hadi ya pili. Mahali pote nilipopita, jicho lilikuwa limefungwa na ukuta ndani ya hatua ishirini.

Kwa mtengenezaji wa gemu, ukuta unaofunga jicho ni rehema. Kisichoonekana hakichorwi. Mji wa vichochoro unaipa mashine kazi kidogo kwa wakati mmoja, na bado mchezaji anajisikia yumo mjini. Hapa nasema wazo langu mwenyewe: nadhani ufinyu wa ile mashine uliwasukuma watu wa Bungie, waliokuwa wakifanya kazi jimbo la Washington huko Marekani, kuelekea mji unaofanana zaidi na Mombasa kuliko ule walioukusudia kwanza. Mombasa ya 2003 ilikuwa jina tu juu ya majengo marefu. Mombasa ya 2004, walau kwa dakika kadhaa, ina ukubwa wa mwili wa mtu.

Ami aliishika simu, akaisogeza mbali na macho. "Mombasa gani hii, mwanangu?"

"Ya mwaka 2552, ami."

Akaangalia kwa muda. "Watu wako wapi?"

Ni kweli. Hakuna raia hata mmoja kwenye misheni zile. Askari na maadui, basi. Hakuna muuza kahawa, hakuna mama mlangoni, hakuna mtoto anayekimbia na mpira. Nikamweleza kwamba kila mtu unayemwongeza anahitaji mwendo wake, sauti yake, na akili ya kukimbia risasi zinapolia, na kwamba mji umekwisha kuhamwa katika hadithi. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza Kilindini iko upande gani, na tukakaa kibarazani tukijaribu kuelekeza ramani ya misheni na bahari halisi mpaka adhana ya magharibi.

Naandika hapa nisisahau: mwaka 2009 gemu ya Halo 3: ODST ilirudi Mombasa Mpya mzima mzima, na humo kuna sehemu zinazoitwa Kizingo Boulevard na Kikowani Station. Kizingo na Kikowani ni mitaa yetu kweli. Kuna mtu pale studio aliyefungua ramani akasoma majina. Nilipomwambia ami hilo, alitabasamu kwa mara ya kwanza siku nzima.

Jumapili, 2 Machi

Leo swali lililokuwa likinisubiri limeulizwa. Kijana wa mwisho kujiunga nasi, baada ya kutazama klipu mbili pamoja: "Kwa hivyo walidanganya watu?"

Nilimjibu kwamba si kila tofauti ni uongo, na kwamba ni lazima tuchambue moja baada ya nyingine. Nikawapa mifano ya gemu nyingine.

Killzone 2, E3 2005: iliyoonyeshwa ilikuwa filamu iliyochorwa mapema, haikuwa gemu inayochezwa, na watu wengi waliondoka wakiamini wameona PlayStation 3 ikifanya kazi. Hapo kuna tatizo.

Aliens: Colonial Marines, 2013: iliyouzwa ilikuwa dhaifu mno kuliko iliyotangazwa, malalamiko yakafika kwa wasimamizi wa matangazo Uingereza, na Sega ikakubali kuweka maelezo kwenye video zake. Hapo pia kuna tatizo.

Watch Dogs: ilionyeshwa E3 2012 ikiwa na mvua, upepo na mwanga wa ajabu, ikatoka Mei 2014 ikiwa imefifia. Mwezi uliofuata mchezaji mmoja akakuta baadhi ya mipangilio ya 2012 bado imo ndani ya faili za toleo la kompyuta, imezimwa tu. Ubisoft ilisema ilizimwa kwa ajili ya uthabiti na mwendo wa gemu. Vijana waligawanyika hapa, na mabishano yalikwenda mpaka futari.

The Witcher 3: video ya Desemba 2013, gemu ya Mei 2015, tofauti ya mwanga na moshi iliyoonekana wazi. Marcin Iwiński wa CD Projekt alisema hadharani kwamba walichoonyesha kilifanya kazi katika kipande, na dunia ilipokua kikashindwa kuibeba. Huyu nampa heshima, kwa sababu alieleza sababu yenyewe.

Halo 2 ninaiweka karibu na huyo wa mwisho. Walioonyesha ndio walioumia zaidi: walikuwa na mji, wakabaki na orodha ya vitendo, na miezi kumi na minane.

Ijumaa, 14 Machi

Usiku, baada ya tarawehe. Leo nilikuwa na furaha ya kweli kazini.

Nilikuwa nimesahau kwamba kulikuwa na demo ya pili. Mei 2004, E3 iliyofuata, Bungie hawakurudi na sinema ya mtaani. Walileta ramani moja ya kucheza watu kwa watu, wakawapa wageni pedi. Jina la ramani hiyo ni Zanzibar. (Ni maonyesho hayohayo ambapo Peter Moore wa Microsoft alivuta mkono wa shati akaonyesha tarehe ya kutoka kwa gemu, 9 Novemba, imechorwa kwenye mkono wake.)

Nimeweka video za Mei 2004 kando ya ramani iliyomo kwenye gemu. Ufukwe upo. Ukuta wa upande wa bahari na lango lake lipo. Kituo ambamo bendera inalindwa kipo. Lile gurudumu kubwa linalozunguka katikati, ambalo mchezaji mwenye ujasiri hulirukia ili kufupisha njia, lipo na linazunguka. Kuna tofauti ndogondogo za rangi na mwanga, nami nimeziandika kwenye jedwali, lakini mtu aliyejifunza njia za Zanzibar pale Los Angeles angeweza kuzipita akiwa amefumba macho miezi sita baadaye.

Kwa hiyo nina demo mbili za gemu moja, za studio moja, mwaka mmoja kati yake. Mombasa ilitupwa, Zanzibar ikabaki. Nimetafuta sababu kwenye mambo makubwa, nikaona iko kwenye pedi. Mombasa ilijengwa ili itazamwe na mtu aliyekaa kitini. Zanzibar ilijengwa ili watu kumi na sita wasiofahamiana waivunje kila siku. Kabla haijaonyeshwa ilikuwa imeshachezwa ofisini, na kila kona isiyofaa ilikuwa imeshalalamikiwa. Walichopeleka kwenye maonyesho kilikuwa kipande cha gemu kilichokwisha kuiva.

Na uhai wake umekuwa mrefu. Ilirudi kwenye Halo 3 kwa jina Last Resort, na mwaka 2014 ikajengwa upya kwa jina ambalo msomaji wa Unguja atalipenda: Stonetown.

Jumamosi, 5 Aprili

Baada ya Idd. Nahariri. Dakika ishirini zimekuwa thelathini na nne, nakata.

Nimeongeza sehemu fupi kuhusu bei ya kuanza upya. Kujenga injini mara ya pili kulikula muda wa mambo mengine, na mwisho wa hadithi ndio uliolipa. Misheni ya kurudi duniani ilikatwa, gemu ikaishia Chief akiahidi kumaliza vita, na pazia likaanguka. Wachezaji walilalamika mpaka Halo 3 ilipotoka mwaka 2007. Hayo hayakuizuia Halo 2 kuuza nakala milioni 2.4 siku ya kwanza, na vijana wangu wameandika namba hiyo kwa kalamu nene. Nimewaambia waandike na jambo la kukatwa kwa mwisho kwa kalamu hiyohiyo.

Nimekata pia sehemu yangu ya maonyesho ya Macworld 1999, pale Halo ya kwanza ilipoonyeshwa na Steve Jobs kama gemu ya Mac, mchezaji akionekana kwa nyuma, kabla ya Microsoft kuinunua Bungie mwaka 2000 na gemu kutoka kwenye Xbox mwaka 2001 ikitazamwa kwa macho ya Chief mwenyewe. Ni hadithi tamu, lakini inahitaji video yake.

Jumapili, 13 Aprili

Tumeitazama leo, sisi saba na ami, ambaye alikuja na halua. Dakika ishirini na mbili.

Jedwali limefungwa: mistari arobaini na sita ya Mombasa, kumi na tatu ya Zanzibar. Nimeliweka kwenye kompyuta ya darasa pamoja na klipu zote, kila mstari na dakika yake, ili yeyote aweze kunisahihisha.

Baada ya kutazama, vijana waliifungua demo yao wenyewe. Ni gemu ya dau linalovuka mkondo usiku, na walikuwa wamejivunia mvua yake kwa wiki tatu. Mvua inakwenda vizuri kwa dakika mbili, kisha laptopu inaanza kukwama. Hakuna aliyewaambia la kufanya. Waliwasha, wakatoa pedi kwa ami, wakakaa kimya. Ami akaligeuza dau papo hapo na kurudi pwani, kinyume na walivyotarajia, akaligonga kwenye gati, akauliza mbona haliwezi kufungwa kamba. Mmoja wao alikuwa ameshaandika "kamba" kwenye ubao kabla ami hajamaliza kuuliza. Mvua wameizima mpaka watakapopata njia nyepesi ya kuichora.

Kwenye video nimeacha kitu kimoja bila maelezo. Ni lile jengo la majeruhi la mwaka 2003: askari chini, mwenzake amemwinamia, Chief anapita bila kusimama. Halimo kwenye diski ya 2004, na si kivuli wala mwanga ulioliondoa, ni mtaa wake uliotoweka nalo likaenda pamoja. Kwenye toleo lile la Digsite nilisimama mbele yao kwa sekunde ishirini nzima, jambo ambalo aliyeshika pedi Los Angeles hakupata nafasi ya kulifanya. Nimeziacha zote ishirini.